Sura ya Saba: Fedha Ikigeuka Nyeusi

Katika nyumba nyingi za mwambao, tangu Lamu hadi Kilwa, kuna kitambaa kilichofungwa fundo na kusukumizwa chini kabisa ya sanduku. Ndani yake mna vitu vya fedha ambavyo havijavaliwa tangu harusi ya mwisho: kikuku, mkufu, pete ya marehemu babu, pengine furungu moja ambalo mwenzake hajulikani alikokwenda. Siku fundo linapofunguliwa, vinatoka vyuma vyeusi. Hapo ndipo nyumba hugawanyika. Mmoja anasema visuguliwe kwa majivu. Wa pili anataka ndimu na chumvi. Wa tatu keshashika dawa ya meno. Wa nne, ambaye ndiye wa kuogopwa kuliko wote, anauliza dodoki la chuma liko wapi.

Wote wanne wanakubaliana kwamba weusi ule ni uchafu uliotua juu ya fedha, na dawa yake ni kuukwangua. Hapo ndipo wanapokosea. Weusi ule ni fedha yenyewe iliyoshikana na salfa. Ungeweza kukusanya gramu 100 za unga huo mweusi na kuupima maabara, gramu 87 zingekuwa fedha tupu. Anayeukwangua anakwangua mali yake mwenyewe. Sura hii inaonyesha namna ya kuurudisha mng'aro kwa hasara ndogo kabisa, na namna ya kuhifadhi ili kazi hiyo isikujie mara kwa mara.

Weusi huu unatoka wapi

Chuma huliwa na hewa na maji kikashika kutu. Fedha haina ugomvi na oksijeni, na maji safi hayaifanyi kitu. Adui yake ni salfa, na salfa huijia zaidi kwa njia ya gesi iitwayo hidrojeni salfaidi. Gesi hiyo unaijua kwa pua: ni harufu ya yai viza, ya mtaro uliosimama, ya tope la mikoko bahari ikipwa. Kiasi kidogo kabisa, ambacho pua haikihisi, kinatosha kuigeuza fedha, hasa hewa ikiwa na unyevu. Ndiyo maana bangili iliyokaa Unguja au Mombasa hugeuka upesi kuliko pacha wake aliyekaa mahali pakavu kama Dodoma.

Mabadiliko hayo huja kwa hatua. Mkufu mpya uliosahauliwa juu ya meza huanza kwa kupata umanjano hafifu, hata mtu akadhani umechovywa dhahabu. Manjano hugeuka kahawia, kahawia ikaingia zambarau na buluu, na mwisho mweusi. Rangi zote hizo ni za utando mmoja unaozidi kuwa mnene, na mwanga ukipita humo hugawanyika rangi kama petroli iliyomwagika juu ya dimbwi. Hata weusi unapokamilika, utando huo ni mwembamba kuliko unywele kwa mamia ya mara. Ukikiweka kipimo hicho akilini, dodoki la chuma hutalishika.

Ndani ya nyumba salfa ina milango mingi. Yai lina salfa. Kijiko cha fedha kilicholia kiini cha yai hubadilika rangi mezani hapohapo. Vitunguu, saumu na kabichi vinayo. Nguo za sufu zinayo. Mpira unayo kwa wingi, kwa kuwa hutiwa salfa kiwandani ili uwe imara, na anayefunga mikufu yake kwa rababendi atakuta alama nyeusi palepale rababendi ilipokaa. Sabuni na marhamu ya salfa yanayotumika kwa upele huigeuza pete nyeusi kwa muda mfupi. Hata jasho la mtu lina chembechembe zake, na majasho hayafanani: ndugu wawili wanaweza kununua pete duka moja siku moja, ya mmoja ikabaki nyeupe na ya mwenziwe ikafifia.

Tofauti hiyo imezaa maneno mengi. Pete ikigeuka nyeusi kidoleni, wapo watakaosema mwenye kuivaa kapatwa na kijicho, au damu yake chafu, au kalishwa kitu. Imani ya kwamba fedha huitambua sumu ni ya kale na imeenea mbali. Wakubwa wa Ulaya na wa China walikula kwa vyombo vya fedha kwa matumaini hayo. Ilikuwa na chembe ya ukweli, kwa sababu aseniki ya zamani ilichimbwa katika mawe yenye salfa ndani yake, na salfa hiyo ndiyo iliyoweza kukiharibia kijiko rangi. Aseniki iliyo safi haibadilishi kitu, na yai la kuchemsha lisilo na hatia hukitia kijiko weusi. Pete yako ikigeuka nyeusi, chunguza sabuni unayoogea kabla hujamchunguza jirani.

Pwani ina adui wa pili, naye ni chumvi. Upepo wa bahari na jasho la joto huiwekea fedha chumvi, na chumvi huishambulia hasa shaba iliyochanganywa ndani ya fedha. Ukiona unga wa kijani kwenye maungio ya kikuku cha zamani, hiyo ni shaba inayoliwa.

Jua kwanza unashika nini

Fedha tupu ni laini mno kwa pambo la kuvaliwa kila siku; pete yake ingepinda kwa kubeba ndoo. Kwa hiyo masonara huichanganya na shaba. Kipimo kilichozoeleka duniani leo ni sehemu 925 za fedha katika 1,000, na namba hiyo 925 ndiyo unayoitafuta ndani ya pete au kwenye kifungo cha mkufu. Utakutana pia na 800, 900 na 999.

Vitu vya kale vya mwambao mara nyingi havina muhuri wowote, kwa sababu mfua fedha alivitengeneza kwa sarafu alizoletewa na mteja. Sarafu iliyotawala ilikuwa reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Sarafu zake ziliendelea kupigwa kwa tarehe ileile ya 1780 miaka mingi baada ya kifo chake, zikatumika Omani, Yemeni, Uhabeshi na Unguja. Reale moja ina uzito wa gramu 28 na kitu, na fedha ndani yake ni sehemu 833 katika 1,000. Nyingine ilikuwa rupia ya Uhindi, yenye uzito wa tola moja, yaani gramu 11.66, na fedha yake sehemu 917. Ukiyeyusha reale, unapata fedha yenye shaba nyingi kuliko 925 ya dukani leo, na shaba nyingi maana yake ni kugeuka rangi mapema. Kwa hiyo furungu la bibi likiwa jeusi kuliko bangili uliyonunua juzi, usifikiri bibi alidanganywa. Pengine alivaa reale.

Kisha kuna fedha isiyo fedha. Sokoni kila cheupe kinachong'aa huitwa silva, na kingi kati ya hicho ni fedha ya Kijerumani, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki usio na hata punje ya fedha. Kingine ni shaba iliyochovywa fedha. Sumaku inasaidia kidogo: ikikinasa kitu, kile ni chuma. Isipokinasa hujathibitisha lolote, kwa sababu shaba na alumini nazo hazinaswi. Dalili nzuri zaidi ya kitu kilichochovywa iko kwenye kingo na sehemu zinazosuguana na ngozi. Huko ndiko wekundu au umanjano wa shaba huanza kuchungulia. Kitu cha namna hiyo kisuguliwe kwa nadra mno, maana fedha yake yote iko juu, na ikiisha imekwisha.

Vingi vya 925 vinavyouzwa madukani sasa vimepakwa rodiamu, metali nyeupe ghali isiyogeuka rangi. Hivyo havihitaji kusafishwa zaidi ya maji na sabuni. Ukivisugua kwa dawa ya kung'arisha, unaiondoa rodiamu na kuifungulia salfa mlango.

Mambo manne ya kukagua

La kwanza ni jiwe. Akiki, ambayo wanaume wengi huipenda kwenye pete, ni jiwe gumu la jamii ya kwazi na huvumilia maji na sabuni bila taabu, ingawa akiki iliyotiwa rangi haifai kuchemshwa. Feruzi lina vinyweleo na hunywa chochote unachokimimina juu yake. Lulu na marijani ni chokaa iliyotengenezwa na viumbe wa baharini, na chokaa huliwa na tindikali. Tone la ndimu juu ya marijani huanza kutoa povu, na povu hilo ni marijani yako ikiyeyuka.

La pili ni gundi na lakiri. Vidani na vikuku vingi vya mtindo wa Kihindi na Kiarabu vimetengenezwa kwa bati jembamba la fedha lililojazwa lakiri ndani ili lisibonyee. Maji ya moto huyeyusha lakiri hiyo, ikatoka kwa maungio, na pambo likabaki ganda. Mawe ya kubandikwa kwa gundi nayo hung'oka.

La tatu ni uwazi. Furungu na baadhi ya mitali ni vitupu ndani. Ukivitumbukiza majini, maji huingia kwa tundu dogo usiloliona na yakakosa njia ya kutokea. Miezi inayofuata kitu hicho huliwa kutoka ndani. Vitu vya namna hii vifutwe, visizamishwe.

La nne ndilo linalosahauliwa kuliko yote: weusi mwingine umewekwa makusudi. Fundi anapochonga maua na nakshi, huacha weusi katika mabonde ya mchoro, au huutia kwa dawa yenye salfa, ili sehemu za juu zing'ae na mchoro usomeke. Katika baadhi ya majambia na vikuku vya Omani mna pia kazi ya kujaza mabonde hayo kwa mchanganyiko mweusi unaopikwa kwa fedha, shaba, risasi na salfa. Shika pambo kama hilo karibu na dirisha, liinamishe taratibu: maua yanaonekana kwa sababu ya kiza kilicho pembeni mwake. Ukikiondoa kiza hicho, kinachobaki ni bati jeupe lenye mikwaruzo, na hata fundi hodari atapata kazi kulirudisha lilivyokuwa. Katika pambo la nakshi, safisha vilima na uyaache mabonde.

Kuanzia dawa nyepesi

Kanuni ya wahifadhi wa makumbusho ni kuanza na njia iliyo nyepesi na kusimama mara inapotosha. Nyumbani inafaa vilevile.

Anza na maji vuguvugu na tone la sabuni laini ya kuoshea vyombo. Nusu ya kile watu wanachokiita weusi ni mafuta ya ngozi, losheni na vumbi vilivyogandamana. Tumia mswaki laini wa mtoto kwenye pembe, suuza kwa maji mengi, kisha ukaushe. Kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi haina mpinzani kwa kazi ya kukausha. Pamba yake imeshalainika na haikwaruzi. Usiruhusu maji yakauke yenyewe juu ya fedha, hasa kama maji ya bomba lenu yana chumvi.

Weusi ukibaki, chukua kitambaa cha kung'arishia fedha kinachouzwa na masonara. Kimetiwa unga laini sana, na ndicho kinachofaa kwa pete na bangili zisizo na mchoro mwingi. Futa kwa mstari mmoja wa kwenda na kurudi, usizungushe, kwa sababu mizunguko huacha alama zinazoonekana kila pambo linapopigwa na mwanga. Kitambaa kitakuwa cheusi. Hicho ndicho kipimo cha fedha uliyoitoa, kwa hiyo simama unapotosheka.

Njia ya tatu ndiyo yenye ajabu, kwa sababu huirudisha fedha badala ya kuiondoa. Inataka vitu vitatu: alumini, maji ya moto, na soda ya unga ile ya kuumulia maandazi, yaani bikaboneti. Usiichanganye na beking pauda, ambayo ina tindikali ndani yake.

Tandika karatasi ya foili ndani ya bakuli la kauri, upande wowote juu. Panga vitu vya fedha juu yake, kila kimoja kikigusa foili. Kisipogusa, hakuna kitakachotokea. Nyunyiza vijiko vinne vikubwa vya soda, kisha mimina lita moja ya maji yaliyotoka kuchemka. Yatatoa mapovu. Fungua dirisha, kwa maana punde utasikia harufu ya yai viza, na harufu hiyo ni habari njema: ni salfa inaachana na fedha. Ndani ya dakika moja au mbili utaona weusi unapungua, na foili inaanza kuwa na mabaka. Kitu kilichokaa miaka kinaweza kuhitaji maji mapya ya moto mara ya pili. Kitoe kwa kijiko cha mbao, suuza sana, kausha.

Kilichotendeka ni biashara ya elektroni. Alumini huzitoa elektroni zake kwa urahisi kuliko fedha. Inapogusana na fedha ndani ya maji ya soda, hutoa elektroni, fedha iliyokuwa imefungwa na salfa huzipokea na kurudi kuwa metali, na salfa iliyoachwa huondoka, nyingine kama gesi. Soda kazi yake ni kupitisha umeme huo mdogo na kuuvua utando wa oksidi unaoifunika alumini. Zile gramu 87 katika 100 hubaki kwenye pambo.

Nyumba isiyo na foili isikate tamaa. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na sufuria hufanya kazi ileile. Chagua kuukuu, kwa sababu itabadilika rangi ndani, na usiipikie tena kabla hujaisugua. Wasio na bikaboneti wanaweza kutumia magadi, yale yanayochotwa katika Ziwa Magadi na kuwekwa kwenye maharage. Magadi yana kaboneti ya sodiamu, ambayo ni kali zaidi, kwa hiyo kijiko kimoja kikubwa kinatosha lita, na chuja mchanga wake kwanza.

Lakini njia hii ina masharti, na wengi wanaoisifia huyaacha. Haichagui: huondoa weusi wa mabonde pamoja na wa vilima, kwa hiyo pambo la nakshi lisitiwe humo. Lulu, marijani, feruzi, gundi, lakiri na vitu vitupu visiingie. Na fedha inayorudi hurudi ikiwa na vinyweleo, kwa hiyo pambo linaweza kutoka jeupe bila kung'aa, na lisipopitishiwa kitambaa kidogo hugeuka upesi kuliko mwanzo. Inafaa hasa kwa mikufu ya cheni ambayo kitambaa hakiingii kati ya pete zake.

Kuna pia dawa za kuchovya zinazouzwa kwenye vikopo. Hufanya kazi kwa nukta chache, na haraka hiyo inapendeza. Nyingi zina tindikali na thiourea, kemikali inayotiliwa shaka kwa saratani, na kitu kikisahauliwa humo hutoka na uso uliokwaruka. Nyumba yenye watoto haina haja nazo.

Majivu, ndimu na dawa ya meno

Hatuwezi kuziruka dawa za jikoni, maana ndizo zinazotumika zaidi. Tuziulize moja moja zinafanya nini.

Majivu hufanya kazi kwa sababu ni mchanga laini. Ndani yake mna silika, na majivu ya makumvi ya mpunga yamejaa silika hasa. Katika kipimo cha ugumu ambacho almasi hupata 10, silika hukaribia 7 na fedha haifiki 3. Ni wazi nani atamkwaruza mwenzake. Sinia la shaba nene linaweza kuvumilia majivu kwa miaka. Pete yenye jina la babu ndani haiwezi. Mara chache tu na jina linaanza kufutika.

Dawa ya meno ni kisa hichohicho chenye harufu ya mnanaa. Imetengenezwa kusugua meno, na meno ni magumu kuliko fedha. Kinachong'aa baada ya kusugua ni uso mpya uliojaa mikwaruzo midogo, na mikwaruzo hiyo huongeza mahali pa salfa kushika. Zile zinazojisifu kung'arisha meno ndizo mbaya zaidi.

Ndimu, siki na ukwaju ni tindikali hafifu. Tindikali hizi haziyeyushi salfaidi ya fedha. Zinayeyusha kutu ya shaba na chumvi, na kwa kuwa fedha za kale zina shaba ya kutosha, pambo hutoka limetakata kiasi na sifa zote ikapewa ndimu. Ukiongeza chumvi na kusugua, kilichofanya kazi ni chembe za chumvi. Kwa kitu kizito kisicho na jiwe wala nakshi, ndimu iliyosuuzwa upesi haitaleta balaa. Kwa vingine vyote, iache ikae kwenye pilau.

Na jiki? Hapana. Klorini huigeuza fedha vibaya kuliko salfa, na huila shaba iliyo ndani. Vua pete kabla ya kufua nguo nyeupe, na kabla ya kuingia bwawa la kuogelea.

Wakati wa kwenda kwa sonara

Yapo mambo yasiyo ya nyumbani: kutu ya kijani iliyozama, jiwe linalocheza, maungio yaliyoachia, kitu cha kale cha thamani. Sonara ana moto, ana tindikali ya kuoshea, ana mashine ya kung'arisha. Mashine hiyo ndiyo ya kuiangalia. Inazunguka kwa kasi, inatoa mng'aro wa kioo, na inakula fedha kuliko mkono wowote. Mwambie mapema kama hutaki weusi wa nakshi uguswe, na kama hutaki mashine. Fundi mwema hachukii kuelekezwa. Pima kitu kwa gramu mbele yake unapokikabidhi, na kipime tena unapokichukua. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Tofauti kubwa ina maelezo, na una haki ya kuyasikia.

Kuzuia

Fedha inayovaliwa haigeuki haraka, kwa sababu nguo na ngozi huifuta kila siku kabla utando haujakomaa. Pete ya fedha ya mzee, anayeivaa kwa kufuata sunna ya Mtume na haivui isipokuwa wakati wa kazi chafu, huwa nyeupe miaka yote bila dawa yoyote. Kikuku kinachongoja harusi ndicho kinachokuwa cheusi. Kwa hiyo njia ya kwanza ya kuzuia ni kuvivaa vitu vyako.

Vinavyovaliwa kwa nadra vifute, uvikaushe sawasawa, kisha utie kila kimoja katika mfuko wake wa plastiki wenye kufungika, ukiukamua hewa. Chagua mifuko ile miepesi ya kuhifadhia chakula. Plastiki ngumu ya vinaili yenye harufu ina klorini. Weka ndani vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja na viatu vipya, maana hunyonya unyevu, au kipande cha chaki kama huna. Usifungie kwa gazeti, sufu, wala rababendi. Usiweke fedha na dhahabu mfuko mmoja zikasuguana. Sanduku lisikae jikoni wala msalani.

Unapojipamba, tanguliza mafuta, losheni na manukato, uyaache yakauke, kisha uvae fedha mwisho. Unaporudi, iwe ya kwanza kuvuliwa, na uipitishie kitambaa kikavu kabla hujaihifadhi. Jambo hilo ni la nusu dakika, na linaokoa kazi ya mwaka mzima.

Kama utakumbuka moja tu katika sura hii, liwe hili: fedha ni metali laini, na kila inaposuguliwa inapungua. Vikuku vingi vya zamani vilivyopoteza maua yake havikuliwa na salfa. Viliharibiwa na watu waliovipenda wakavisugua kila Idi. Osha kwa sabuni, futa kwa kitambaa, tumia alumini inapobidi, na weusi wa nakshi uuache mahali fundi alipouweka.